Flashi nje ya kamera wakati wa machweo: anga linapendeza, lakini uso unaonekana kubandikwa

Stendi_Moja

Ndugu zangu, salaam. Ninaomba msaada katika jambo ambalo limenishinda kwa majuma kadhaa. Ninapenda kupiga picha za watu nje wakati jua linapozama, mtu akiwa amelipa jua mgongo ili anga jekundu libaki nyuma yake. Nimeshaona kwamba bila flashi sina njia: nikipima mwanga wa uso, anga linaungua na kuwa jeupe, na nikipima mwanga wa anga, mtu anabaki kivuli kitupu. Kwa hiyo nilijipatia flashi moja ndogo, ile ya kawaida ya kuvalishwa juu ya kamera, pamoja na triga ya redio, stendi na mwavuli mweupe wa kupitisha mwanga, nikiamini kwamba tatizo limekwisha.

Halikwisha. Jioni ya mwisho nilianza na tundu la lenzi la f/2.8 (namba ya f ikikua, tundu linakuwa dogo), ISO 200 (wepesi wa kamera kupokea mwanga) na kasi ya shata ya 1/1000 ya sekunde, kwa kuwa hapo ndipo anga lilipotoka na rangi zake zote. Mwanga wa flashi ulionekana katika ukanda mwembamba tu wa picha, na sehemu nyingine zote zilikuwa kana kwamba flashi haikuwaka kabisa. Niliposhuka hadi 1/400, ukanda wa giza ulibaki upande wa chini. Niliposhuka hadi 1/200 ukanda ulitoweka, lakini anga likaungua. Nilipofunga tundu la lenzi, anga lilirudi, ila uso ukawa hafifu ingawa flashi ilikuwa kwenye nguvu yake yote, nayo stendi ilikuwa mita tatu hivi kutoka kwa mtu.

Hatimaye nilipata picha chache ambazo uso na anga vyote vina mwanga wa kutosha, na hizo ndizo zilizoniumiza moyo zaidi. Uso una weupe wa baridi, kana kwamba mtu alipigwa picha studio, akakatwa kwa mkasi na kubandikwa mbele ya machweo. Isitoshe, ndani ya dakika kumi hakuna picha mbili zilizofanana. Ningependa kuelewa chanzo cha kila kosa, kwa sababu nimechoka kubahatisha.

Jicho_la_Jioni

Ndugu Stendi_Moja, maelezo yako yamekamilika kiasi kwamba namba zako zenyewe zinatosha kukujibu.

Unapotumia flashi nje, unapiga picha mbili kwa wakati mmoja, na kila moja ina usukani wake. Picha ya anga inaongozwa na kasi ya shata, ukubwa wa tundu la lenzi na ISO. Picha ya uso, iwapo uso unaangazwa na flashi, inaongozwa na tundu la lenzi, ISO, nguvu ya flashi na umbali wa flashi kutoka kwa mtu. Kasi ya shata haimo katika orodha hii ya pili, kwa sababu flashi huwaka na kuzima katika muda mfupi kuliko ule ambao shata inakuwa wazi. Ikiwa kwenye nguvu ndogo, mwako wake unaweza kuwa mfupi hata kuliko 1/10000 ya sekunde. Maana yake ni kwamba unaweza kulitia anga giza au kuliangaza kwa kuzungusha kasi ya shata peke yake, uso ukabaki karibu vilevile ulivyokuwa.

Uhuru huo una mpaka, nao ndio uliokuletea ule ukanda. Shata ya kamera nyingi ina mapazia mawili: la kwanza linafungua, la pili linafuata kufunga. Hadi kasi fulani, ambayo kwa kamera nyingi ni 1/200 au 1/250, kuna kitambo ambapo pazia la kwanza limeshamaliza safari na la pili halijaanza, hivyo sensa yote, yaani bamba linalopokea picha, iko wazi na flashi inaifikia yote. Ukipita hapo, pazia la pili linaondoka kabla la kwanza halijafika, na kinachopita mbele ya sensa ni mwanya tu. Flashi inawaka mara moja, na inaangaza kile tu kilichokuwa mkabala na mwanya kwa wakati huo. Kwenye 1/400 mwanya bado ni mpana, ndiyo maana ulipoteza sehemu ya chini tu. Kwenye 1/1000 umekuwa mwembamba, ndiyo maana ulibaki na ukanda.

Sasa tuchukue namba zako. Anga lilikuwa zuri kwa f/2.8, ISO 200, 1/1000. Ukishusha ISO hadi 100 umepunguza mwanga kwa stopu moja, yaani nusu. Ukishusha kasi kutoka 1/1000 hadi 1/125 umeongeza stopu tatu. Zinabaki stopu mbili za kupunguza, nazo utazipata kwa kufunga tundu kutoka f/2.8 hadi f/5.6. Kwa hiyo f/5.6, ISO 100, 1/125 inakupa anga lilelile ulilolipenda, bila ukanda wowote. Ukipandisha kasi hadi 1/200, anga linazama theluthi mbili za stopu zaidi, na mara nyingi hapo ndipo rangi za machweo zinapokolea. Mimi hupenda anga liwe chini ya kile ambacho kamera inakitaka kwa stopu moja hadi moja na nusu. Nikizidisha hapo, picha inaanza kuonekana kama usiku, na mtu anakuwa kama aliyemulikwa na taa za gari.

Kuhusu uso kuwa hafifu, tatizo lako ni zile mita tatu. Mwanga wa flashi hupungua kwa mraba wa umbali: ukiisogeza stendi kutoka mita tatu hadi mita moja na nusu, mwanga unaomfikia mtu huongezeka mara nne, yaani stopu mbili. Hakuna flashi ndogo itakayokupa stopu mbili za ziada kwa njia nyingine iliyo rahisi kama hiyo. Mwavuli ukiwa karibu unakuwa pia mkubwa machoni pa yule anayepigwa picha, kwa hiyo vivuli vya pua na kidevu vinalainika. Sogeza hadi ukingo wa mwavuli ukaribie kuingia ndani ya picha, kisha urudishe kidogo tu. Mwavuli ukiingia pembeni mwa anga tupu, ni rahisi kuufuta baadaye, mradi kamera iko juu ya stendi ya miguu mitatu na umepiga picha moja ya ziada isiyo na stendi.

Rangi_za_Magharibi

Ndugu Jicho_la_Jioni amemaliza suala la kiasi cha mwanga. Mimi ningependa kugusa ule uso uliobandikwa, kwa sababu hata ukipata namba zote sawasawa, utaendelea kuuona mpaka utakaporekebisha rangi.

Flashi imetengenezwa ifanane na mwanga wa mchana, takriban Kelvini 5500 (kipimo cha rangi ya mwanga: namba ikishuka, mwanga unaelekea kwenye chungwa). Jua linapokaribia upeo wa macho, mwanga wake hupita katika tabaka nene la hewa, sehemu kubwa ya bluu hutawanywa njiani, na unaotufikia unakuwa wa Kelvini 3000 au chini ya hapo. Jicho la mtazamaji linajua jambo hili hata kama yeye mwenyewe hajawahi kusikia neno Kelvini. Linaona nywele na bega vikiwa na ukingo wa dhahabu, kisha linaona shavu jeupe kama karatasi, na linakataa kuamini kwamba vitu hivyo viwili vilikuwa mahali pamoja.

Dawa yake ni jeli, yaani kipande cha plastiki angavu, ya rangi ya chungwa mbele ya flashi, zile ziitwazo CTO. Jeli kamili huishusha flashi kutoka 5500 hadi karibu 3200, na jeli ya nusu huishusha hadi karibu 3800. Kwa machweo ya kawaida mimi huanza na ya nusu. Kisha, na hili ni muhimu kuliko jeli yenyewe, ondoa mizani ya weupe (mpangilio unaoiambia kamera mwanga upi iuone kuwa mweupe) kwenye hali ya kujiendesha na uiweke kwenye mwanga wa mchana. Ukiiachia kamera ijiamulie, itaona rangi ya chungwa imejaa kila mahali, itaidhania kuwa kasoro, na itaipunguza; utakuwa umefunga jeli kwa mkono mmoja na kuifungua kwa mwingine. Kumbuka pia kwamba jeli inakula mwanga: ile kamili inachukua karibu theluthi mbili za stopu, na flashi yako haina nguvu ya kupoteza ovyo.

Jambo la pili ni upande. Watu wengi huweka flashi popote palipo na nafasi. Kama jua liko nyuma ya mtu, upande wa kushoto wa picha, weka flashi yako kushoto pia, mbele yake kidogo, juu ya usawa wa macho. Hapo mtazamaji anahisi kwamba mwanga wa jua umezunguka shavu na kuendelea usoni.

Kivuli_Laini

Katika suala la jeli ninakubaliana na ndugu Rangi_za_Magharibi kwa kila neno, lakini katika suala la upande ninatofautiana naye. Ukiweka jua na flashi upande mmoja, nusu ya uso inapata mwanga wa aina mbili na nusu ya pili haipati chochote. Uso unakuwa bapa upande mmoja na kutumbukia gizani upande wa pili. Mimi huvusha: jua likiwa nyuma kushoto, flashi inakaa mbele kulia. Jua linachora ukingo wa nywele, sikio na bega. Flashi inajenga shavu, paji la uso na macho. Na kati yake hubaki ukanda mwembamba wa kivuli unaoupa uso unene wake. Mbinu hii inafaa hasa kwa ngozi nyeusi, ambayo umbo lake huonekana zaidi kwa mng'ao unaotembea juu ya mifupa ya uso kuliko kwa vivuli. Chanzo kikubwa kilichowekwa karibu, kikitoka pembeni, huleta mng'ao mpana na laini. Ukileta flashi tupu kutoka mbele, unapata nukta ndogo kali kwenye paji na pua, na kuongeza nguvu ya flashi hapo ni kuziongeza ukali nukta hizo tu.

Jambo dogo ambalo huwa linasahaulika: uelekeze mwavuli juu kidogo, ili katikati ya mwanga wake ipite juu ya kichwa cha mtu na uso upate ule wa pembezoni. Usipofanya hivyo, ardhi iliyo karibu na stendi itang'aa kuliko uso.

Rangi_za_Magharibi

Ninaiheshimu hoja yako, na kwa picha ya uso wa karibu huenda ukawa sahihi kuliko mimi. Ninabaki na msimamo wangu kwa picha za mtu mzima ndani ya mandhari pana, ambako mtazamaji anaona wazi jua liko wapi na kivuli cha mtu kinaangukia upande gani. Vivuli viwili vinavyokinzana juu ya ardhi moja huifichua flashi mara moja.

Stendi_Moja

Nawashukuru sana, ndugu zangu. Nina swali lililobaki. Nilichagua f/2.8 kwa makusudi, kwa sababu nyuma ya mtu kuna miti na nyaya za umeme ambazo ningependa ziyeyuke. Nikifunga hadi f/5.6 kila kitu kinarudi kuonekana. Nimesoma kuhusu hali ya HSS, ya kutumia flashi kwenye kasi kubwa za shata, na kuhusu vichujio vya giza vya ND vinavyovalishwa mbele ya lenzi. Ni ipi inafaa kwa flashi ndogo kama yangu?

Jicho_la_Jioni

HSS huitatua shida ya mwanya kwa kuifanya flashi isiwake mara moja bali itoe mfululizo wa mipigo midogo ya haraka muda wote ambao mwanya unapita, ili kila sehemu ya sensa ipate sehemu yake. Gharama yake ni kwamba nguvu inagawanywa. Mara tu unapovuka mpaka wa 1/200 au 1/250 unapoteza karibu stopu mbili, na kila unapoongeza kasi zaidi unapoteza nyingine, kwa kuwa sasa flashi inafanya kazi kama taa inayowaka mfululizo, nayo kasi ya shata inaipunguza kama inavyolipunguza jua. Tena lazima flashi, triga na kamera vyote viwe vimetengenezwa kwa hali hiyo. Kwa jinsi ukanda wako ulivyojitokeza, vyako vilikuwa vinawaka kwa njia ya kawaida.

Kichujio cha ND kinafanya kazi tofauti. Cha stopu mbili kitakuwezesha kubaki kwenye ISO 100 na 1/125 huku ukifungua hadi f/2.8, na anga litabaki lilelile. Kinapunguza flashi pia, lakini kwa kiasi kilekile ambacho tundu dogo la f/5.6 lingeipunguza, kwa hiyo hupotezi chochote zaidi. Kwa flashi moja ndogo mimi ningechagua ND bila kusita. Hasara yake iko machoni na kwenye ulengaji: ndani ya kitafutio cha kioo utaona giza, na kamera nyingine hupata shida kulenga jicho mwanga unapokuwa umefifia. Lenga kwanza, funga ulengaji, kisha uvalishe kichujio, na umwombe mtu asisogee mbele wala nyuma, kwa sababu kwenye f/2.8 sentimita chache zinatosha kulifanya jicho litoke na ukungu pichani.

Kuna pia kamera zisizo na mpaka huo. Lenzi zenye shata ndani yake, kama za Hasselblad za mfumo wa V, hupatana na flashi hadi 1/500, na Sony a9 III iliyotangazwa mwaka 2023 inasoma sensa yote kwa mara moja, kwa hiyo hakuna mwanya wa kupita. Ninazitaja ili uelewe kwamba tatizo ni la mapazia, si la flashi. Usizinunue kwa ajili ya nyaya za umeme. Sogea hatua nne kushoto, zitajificha nyuma ya mtu.

Saa_Kumi_na_Mbili

Mbona hakuna aliyegusa swali lake la mwisho, la picha kutofanana? Kwa mtazamo wangu hilo ndilo linaloharibu jioni nzima.

Jua husafiri nyuzi 15 kwa saa, na duara lake lina upana wa nusu nyuzi. Karibu na ikweta, ambako linateremka karibu wima, likigusa upeo linazama lote kwa dakika mbili na kidogo. Baada ya hapo mwangaza hushuka zaidi ya mara 100 katika dakika ishirini na kitu za kwanza, yaani karibu stopu moja kila dakika tatu. Ukiwa mbali na ikweta jua linashuka kwa mshazari na unapata muda mrefu zaidi. Kwa dakika kumi ulizozitaja, anga lako lilibadilika kwa stopu tatu huku mipangilio yako ikibaki palepale, au ukiibadilisha yote kwa pamoja bila utaratibu.

Utaratibu ninaoufuata ni kwamba uso hauguswi. Nikishapata tundu, ISO, nguvu ya flashi na umbali, naviacha. Hata stendi naipimia kwa urefu wa mkono ili mtu akisogea nijue. Anga likishuka, nashusha kasi ya shata peke yake: 1/200, 1/100, 1/50, 1/25. Kila baada ya picha chache natazama histogramu (mchoro wa kiasi cha giza na mwanga katika picha) na onyo la sehemu zilizoungua, kwa sababu skrini ya kamera gizani inaonekana angavu kuliko picha yenyewe. Nikifika karibu na 1/30, ambako nywele zinazopeperushwa na mkono unaotikisika huanza kuacha mzimu kandokando, napandisha ISO stopu moja na hapohapo nashusha nguvu ya flashi stopu moja, kisha narudi kwenye 1/60 na kuendelea kushuka. Flashi nayo inafurahi, kwa sababu kwenye nguvu ndogo inajijaza haraka.

Wanaotumia TTL, hali ambamo kamera hujipimia yenyewe nguvu ya flashi, wanaweza kuiacha ipime mara ya kwanza, kisha wahamishie namba ile kwenye hali ya mkono. Ikiachwa ipime kila picha, itasoma shati jeupe tofauti na shati jeusi, na ngozi nyeusi itajitahidi kuifanya ya kijivu.

Jambo jingine: funga mfuko wa mchanga kwenye mguu wa stendi. Mwavuli ni tanga. Upepo wa jioni umewahi kuniangushia flashi juu ya mawe nilipokuwa nimeinama kutazama skrini, na mtu niliyekuwa nikimpiga picha alikuwa mtoto aliyesimama hatua mbili tu kutoka hapo. Tangu siku ile sifungui mwavuli kabla mfuko haujafungwa, hata kama jua linanikimbia.

Stendi_Moja

Nimerudi na majibu. Jana nilianza na f/5.6, ISO 100, 1/200, mwavuli mita moja na nusu, jeli ya nusu, mizani ya weupe kwenye mwanga wa mchana. Flashi ilinitosha kwenye nusu ya nguvu. Nilipiga kwa upande wa ndugu Rangi_za_Magharibi na kwa upande wa ndugu Kivuli_Laini pia, na kwa uso wa karibu nimependa ule wa kuvusha. Picha za dakika kumi na tano zote zina uso unaofanana, na kwa mara ya kwanza nilikuwa na nafasi ya kuzungumza na mtu badala ya kupigana na kamera. Hilo limeonekana hata machoni pake.

Kasoro moja imebaki. Baada ya jua kuzama kabisa, anga liligeuka bluu, na jeli ile ikaanza kuonekana nzito mno usoni.

Rangi_za_Magharibi

Hapo una njia mbili. Ya kwanza ni kubadilisha jeli ya nusu kwa ile ya robo, ambayo huishusha flashi hadi karibu Kelvini 4500, kwa kuwa hakuna tena jua la kulifuata. Ya pili ndiyo ninayoipenda: weka jeli kamili, kisha shusha mizani ya weupe ya kamera hadi Kelvini 3200. Uso unarudi katika rangi yake ya kawaida, kwa sababu flashi na kamera sasa vinakubaliana, na kila kitu ambacho flashi haikifikii, yaani anga lote, kinasukumwa kwenye bluu ya kina ambayo macho yako hayakuiona pale. Una dakika chache tu za kuipata, kwa hiyo kata jeli zote mbili mapema na uzibandike gundi ya karatasi ukiwa bado na mwanga wa kuona vidole vyako.